Kutoka Tupa hadi Chaja: Msumeno wa Paa Katika Bofu

Katika Bofu, wadi mojawapo ya Likoni upande wa kusini wa kivuko cha Mombasa, paa la makuti na paa la bati yameishi ubavu kwa ubavu kwa miaka mingi, na mabadiliko ya msumeno katika mitaa hiyo hayaeleweki pasipo kuyatenganisha mapaa hayo kwanza. Paa la makuti lilitaka miti ya mviringo: mtambaapanya, yaani mti unaolazwa juu ya ukuta, kombamoyo, unaopanda kutoka ukutani hadi kileleni, na pau na fito zinazokingama juu yake na kufungwa kwa kamba. Mingi ya miti hiyo ilikuwa ya mikoko, nayo ilifika ikiwa imekwisha kupangwa kwa unene, hivyo panga, shoka na kamba vilitosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Bati ndilo lililouleta msumeno mbele, kwa kuwa bati hutaka mbao zilizonyooka, na mbao zilizonyooka hutaka maungio yenye pembe ileile, ishirini au thelathini mfululizo, bila kupishana.

Msumeno huo ulikuwa wa mkono, na wanachokikumbuka zaidi waliokuwa watu wa mkono, yaani vibarua wanaomsaidia fundi, si kukata bali kunoa. Jioni msumeno ulibanwa kati ya mbao mbili, meno yakaelekea juu, kisha tupa ya pembe tatu ikapitishwa jino baada ya jino, na mwishowe meno yakapindwa moja kushoto, moja kulia, ili njia yake iwe pana kuliko bapa na mbao isiubane. Aliyeandika kumbukumbu hizi aliishika tupa hiyo, na anajua kwamba uvivu wa jioni ulifichuka asubuhi, msumeno ulipokwenda upande kama mtumbwi wa kafi moja.

Msumeno wa umeme wenye diski, ambao Marekani ulianza kutengenezwa kwa kushikwa mkononi katika miaka ya 1920, ulikuja na waya, na waya ndio uliosumbua. Nyumba inayoezekwa aghalabu haijaingizwa stima, kwa hiyo waya ulivutwa kutoka kwa jirani, ukakatiza uani, na jirani akalipwa kwa tokeni. Zaidi ya hayo, mashine za mitumba zilizotoka kwenye majengo ya Uingereza huweza kuwa za volti 110, ambayo ndiyo kawaida ya kazi za ujenzi huko, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 240 za Kenya mashine ya namna hiyo hunuka moshi kabla mbao ya kwanza haijaanguka.

Betri iliondoa waya, lakini si kwa siku moja. Kekee ya betri iliuzwa na Black & Decker tangu 1961, ilhali msumeno, unaomeza nguvu nyingi zaidi, ulipata nguvu ya kutosha kwa betri za lithiamu, zilizoingia katika vifaa vya ujenzi yapata 2005. Hapa hukumu ya fundi ilihama kutoka kiwiko hadi kaunta ya duka. Maandishi ya volti 18 na yale ya volti 21 huweza kueleza betri ileile yenye seli tano, kwani kila seli hupimwa volti 3.6 kwa wastani na 4.2 inapojaa, na lebo zinazojigamba kwa 88 au 128 juu ya betri ya seli hizohizo hazistahili hata kusomwa. Kipimo cha maana ni volti mara ampea-saa: 18 mara 5 ni wati-saa 90, na mbao mbichi ya saipresi huzila upesi kuliko iliyokauka.

Diski ya milimita 165 huingia ndani takribani milimita 57 ikisimama wima, lakini ikilazwa nyuzi 45 hubaki na 41 tu. Hiyo humtosha fundi wa Marekani, ambaye mbao yake ya inchi mbili kwa kweli ina milimita 38. Fundi wa Bofu, ambaye mbili kwa nne yake isiyopigwa randa hukaribia 50, haitamvukisha kwenye paa la pande nne, ambako ncha nyingi hukatwa kwa kulaza diski. Kwa kazi ya paa meno 24 yanatosha, kwani mkato mlaini hauonekani chini ya bati. Diski isizidi unene wa mbao ila kidogo, na kipande kinachokatwa kiachwe kianguke, kisiegemezwe pande zote mbili, la sivyo mbao huibana diski na mashine humrukia aliyeishika.

Kuna mahali diski hushindwa kabisa. Pengo la pembe tatu linaloikalisha mbao ya paa juu ya mtambaapanya haliwezi kumalizwa na kitu cha mviringo bila kupitiliza alama na kuidhoofisha mbao, hivyo fundi husimama karibu na kona, huweka mashine chini na kumalizia kwa mkono. Msumeno anaouchukua siku hizi mara nyingi ni wa dukani, wenye ncha za meno zilizokazwa kwa moto, na tupa huteleza juu yake. Ukiwa butu hutupwa, na tupa iliyobaki kisandukuni hunolea panga.