Mabati Kwanza, Mashine ya Risasi Baadaye
Mume wangu kazaliwa Ngarambe, Rufiji, jirani na pori la Selous, kijiji chenye jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori pamoja na Tapika. Sasa tunaishi Texas, na kila Novemba lazima aende kuwinda kulungu. Mwaka huu kaja na jipya: anataka mashine ya kujazia upya maganda ya risasi. “Mama watoto, tutaokoa hela!”

Haya, tukapiga hesabu. Mashine ya kuanzia ni ile inayofanya hatua moja kila ukivuta mpini. Ni ya polepole, lakini inamfaa anayejifunza kwa sababu kila ganda analikagua. Zinazotoa risasi nzima kila mvuto waachie watu wa mashindano.

Ila mashine peke yake haijazi kitu, shoga. Kuna kalibu za kila aina ya risasi, kitabu cha vipimo, fataki, baruti, vichwa vya risasi, na mizani. Kwenye mizani usibane hela, maana baruti ikizidi bunduki inaweza kumpasukia usoni. Na mwenzangu huyu hupiga risasi 40 tu kwa mwaka! Hela hiyo itarudi lini, wakati nyumba ya mama mkwe inasubiri mabati?

Nyumbani nako hawezi kuibeba hivihivi. Tanzania kutengeneza risasi bila kibali ni kosa.

Tumekubaliana mabati kwanza. Mwakani atanunua mashine ya mtumba kwa hela yake ya ovataimu, mizani iwe mpya. Itakaa gereji, baruti ifungiwe mbali na watoto. Mezani kwangu haipandi.