Kwa Magurudumu Mawili Mpaka Buleusa

Mtu akiitazama ramani ya Kivu ya Kaskazini, hulikuta jina la Buleusa limeandikwa kwa herufi ndogo sana, upande wa kaskazini-mashariki ya Walikale, karibu na mpaka wa Lubero. Ni kijiji cha wakulima katika nchi ya Ikobo, mahali vilima vinapoanza kuungana na msitu mkubwa. Watu hulima mihogo, mahindi na maharagwe. Wakobo, Wanyanga, Wanande na Wahutu wamekaa huko bega kwa bega, mara kwa amani, mara kwa machozi. Leo, ndugu wasomaji, twataka kuisimulia njia iendayo huko, nasi twataka kuipita kwa chombo cha wenyeji wenyewe, yaani kwa magurudumu mawili.

Safari hii twaifanya kwa kalamu, maana si kila siku njia hiyo hupitika. Kitchanga ilitwaliwa na waasi wa M23 mwezi wa Januari 2023, Goma mwezi wa Januari 2025, na Walikale mwezi wa Machi mwaka ule ule, ingawa hiyo ya mwisho waliiacha tena mwezi wa Aprili. Walakini vilima havikukimbia. Vipo mahali pake, na watu wangali wakivipanda kila asubuhi wakiwa na mizigo yao.

Huko Goma, mwaka 2009, ilisimamishwa katika njiapanda sanamu ya rangi ya dhahabu. Si sanamu ya mfalme wala ya jemadari, bali ya kijana na chukudu yake. Msomaji wa mbali ajue kwamba chukudu ni chombo cha mti, kwa kawaida mkaratusi, chenye magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Hakina kiti wala pedali. Mwenyewe huweka goti moja juu ya kipande cha mpira, na kwa mguu wa pili huisukuma ardhi. Akitelemka, hukanyaga kipande kingine cha mpira kilichofungwa juu ya gurudumu la nyuma, na hiyo ndiyo breki yake. Fundi mzuri huimaliza kazi kwa siku mbili tatu, na chombo hicho huchukua kilo mia tatu, mia nne, pengine hata zaidi: viazi, makaa, mbao, kabichi. Kutelemka ni furaha. Kupanda ni jasho tupu, na mara nyingi mwenye mzigo hukodi vijana wawili wamsaidie kusukuma.

Yasemekana chukudu zilianza kuonekana katika miaka ya 1970, wakati mafuta na magari yalipokuwa yakipungua. Katika miaka ile ile, huko California katika Marekani, vijana wachache walikuwa wakizitengeneza baiskeli zao upya ili waweze kushuka nazo mlimani kwa mchezo, na hiyo ikawa asili ya baiskeli za milimani. Hao hawakujua habari za hawa. Wale walitafuta mchezo na hawa chakula, na wote wawili walifundishwa na mlima.

Tukitoka Goma twafuata kando ya ziwa mpaka Sake, mwendo wa kilometa 25 hivi, juu ya mawe meusi ya volkeno. Baada ya Sake njia hupanda, tena hupanda sana, kisha Masisi hufunguka mbele ya macho. Ni nchi iliyo juu, mahali pengi zaidi ya meta 2000, yenye baridi na ukungu wa asubuhi. Vilima ni vya mviringo, vimefunikwa majani mafupi, na ng'ombe wamesimama juu yake kana kwamba wamewekwa hapo na mchoraji. Wageni wengi huitaja Uswisi. Sisi twaona yatosha kusema Masisi. Kutoka malisho hayo hutoka jibini ya duara ambayo watu wa Goma na Bukavu huijua vema; ni bidhaa ifaayo sana nchi ya njia mbaya, kwa kuwa haiharibiki upesi kama maziwa.

Karibu na Kitchanga yako maziwa madogo ya Mokoto, na hapo wamonaki Watrapisti kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri yao mwaka 1954. Mwezi wa Mei 1996 monasteri ilishambuliwa, watu waliokimbilia humo wakauawa, na wamonaki wakalazimika kuondoka. Mahali pa kimya kama pale, ajuaye habari hiyo hapiti bila kuvua kofia.

Vilima hivi havikomei kwetu. Ng'ambo ya Ziwa Kivu viko vingine vya namna ile ile. Huko Rwanda, mwaka 2011, ilifunguliwa njia ya wasafiri iitwayo Kongo-Nili, urefu wake kilometa 227, kutoka Rubavu, jirani ya Goma kabisa, mpaka Rusizi, mkabala na Bukavu. Wageni huja na baiskeli za milimani, wakapita kati ya migomba, mashamba ya kahawa na vijiji vya wavuvi, wakalala katika nyumba ndogo za wageni. Hulipa fedha ili wapande kilima ambacho mkulima angelipa fedha asikipande! Tusiwacheke, maana fedha hizo hununua mayai na ndizi za mama wa kijijini. Tena mmojawapo wa wale vijana wa California, Tom Ritchey, alipofika Rwanda mwaka 2005, alibuni baiskeli ndefu ya kuchukua magunia ya kahawa. Maana kahawa iliyochumwa sharti iondolewe maganda siku ile ile, la sivyo huanza kuchacha na bei yake hushuka. Mwenye gurudumu hufika kiwandani mapema. Mwenye kubeba kichwani hufika amechelewa, naye hupunjwa.

Basi, kwa nini njia ya namna hiyo isiwe kati ya Sake na Buleusa? Uzuri upo. Vijana wenye miguu ya nguvu wapo, na magurudumu yapo. Lakini njiani pana kamba au mwanzi uliolazwa, na pembeni mtu mwenye bunduki. Wenyeji husema bariyeri. Watafiti wa IPIS ya Ubelgiji, katika taarifa yao ya mwaka 2017, walihesabu vizuizi 798 katika mikoa miwili ya Kivu. Apitaye na gunia hulipa. Apitaye na baiskeli hulipa. Pengine hata mwenye mikono mitupu hulipa. Mkulima akivuka vizuizi vinne kwenda sokoni, maharagwe yake yameliwa kabla hayajapikwa.

Tena soko lenyewe limewahi kugeuka mahali pa mauti. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, nchi ya Walikale, yakaenea Masisi yote, na maelfu wakafa. Watu waliokuwa wakiuziana chumvi jana yake! Mwezi wa Januari 2016 wengine waliuawa usiku huko Miriki, katika njia ile ile ielekeayo Buleusa kutoka Lubero. Na mwezi wa Novemba mwaka huo Luhanga. Wakazi wa Buleusa wenyewe walikuwa wamekwisha kukimbia kwa wingi. Njia isiyopitwa hufungwa na majani katika muda wa mvua mbili.

Kutoka Kitchanga msafiri hupita Mweso, Kashuga na Kalembe mpaka Pinga, ambapo Masisi na Walikale hukutana. Huku hewa ni ya joto zaidi, michikichi huonekana, na udongo huwa matope. Chukudu hupenda njia ngumu na mteremko. Kwenye matope husukumwa kama ng'ombe mkaidi. Kwa hiyo baiskeli ya chuma na pikipiki huchukua nafasi yake, na pale zisipoweza, hubaki mgongo.

Mgongo wa nani? Hapa twaomba radhi kwa akina baba. Katika nchi hizi zote tulizozipita, gurudumu ni la mwanamume. Mama hubeba kuni na mihogo mgongoni, kamba ikimpita kwenye paji la uso, kichwa kimeinama, na mtoto amefungwa mbele. Mara nyingi mume hutangulia na baiskeli, nayo haina mzigo. Twajua atajibu kwamba kwenye bariyeri baiskeli yenye mzigo hutozwa zaidi, na jibu hilo lina ukweli wake. Lakini kati ya shamba na nyumba hakuna bariyeri. Mwendo huo ni mfupi, wa kila siku, na kiti cha nyuma cha baiskeli hubeba kuni vema zikifungwa kwa mpira.