Shahada ya Uhusiano wa Kimataifa: Kazi Iko Wapi?



Ndugu wazazi na wanafunzi, kuna kosa nililifanya na leo nataka kulisema. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa hapa Buyenzi, muuza vitenge, aliniuliza kijana wake asome nini chuo kikuu. Nikamjibu bila kufikiri: uhusiano wa kimataifa, atakuja kuwa balozi inshaallah. Mzee akauza kiwanja, akalipa ada. Kijana akahitimu, kisha akakaa nyumbani mwaka mzima akingojea ubalozi. Dukani kwa baba yake hakanyagi, eti yeye msomi. Mzee hakunilaumu, ila msikitini alianza kunisalimia haraka haraka na kuondoka.

Ndipo nikaenda kuuliza, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo.

Balozi huteuliwa na rais, na shahada peke yake haimfikishi mtu huko. Umoja wa Mataifa una mtihani wa vijana wenye shahada, lakini umri usizidi miaka 32, na nchi yako iwe kwenye orodha ya mwaka huo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, ina makao makuu Arusha, na nafasi zake hugawanywa kwa nchi wanachama. Wengi wetu hatujui kwamba hapa hapa Bujumbura ipo sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, na pia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, ya nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Yapo mashirika ya wakimbizi. Na ipo forodha: mizigo yetu mingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na kila lori lina makaratasi yake.

Kote huko utaulizwa lugha. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zaid bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi ili amsomee barua zao na kuwaandikia. Kijana wetu alikuwa na Kifaransa na Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Kiarabu alijua kukisoma tu, hawezi kuzungumza, na hapo mwalimu wake ni mimi.

Akaanza Kiingereza jioni, na mchana akajitolea kwa wakala mmoja wa forodha, bila mshahara. Mwezi wa pili akaambiwa apunguze bei kwenye ankara ya mteja ili ushuru ushuke. Alikuja kwangu usiku. "Maalim, nikikataa watanifukuza." Nikamwambia ule ni uongo wa maandishi, akatae. Akakataa, wakamfukuza kweli. Wiki zile sikulala vizuri.

Alhamdulillah, wakala mwingine alimchukua, naye sasa analipwa. Ijumaa iliyopita mzee alinisubiri mlangoni mwa msikiti.

"Maalim, huyu binti yangu mdogo naye asome nini?"

Nikamwomba anipe wiki mbili, nikaulize kwanza.

Wassalaam.