Akihabara: Mtaa ambako gemu ya mkononi iliwakutanisha wasiojuana

Wazazi wengi wanaijua picha hii. Mtoto amejikunja kwenye kona ya kochi, shingo imeinama, vidole vinakimbia juu ya skrini. Mgeni anabisha hodi, anaingia, anasalimia. Mtoto anaitikia bila kuinua macho. Mgeni akishaondoka, mama analalamika kwamba gemu hizi zinawatenga watoto na watu.

Mara nyingi mama huyo ana haki ya kulalamika. Lakini upo mtaa mmoja jijini Tokyo, Japani, ambako mwaka 2009 gemu ya mkononi ilifanya kinyume chake. Iliwatoa watu nyumbani, ikawasimamisha pamoja barabarani na kuwafanya wasubiri kupishana na mtu wasiyemjua.

Mtaa huo ni Akihabara.

Soko la vipuri vya redio

Akihabara ilipata jina baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wafanyabiashara walipouza vipuri vya redio karibu na kituo cha treni. Baadaye zikaja televisheni na majokofu, kisha kompyuta, kisha gemu na katuni. Hata leo, chini ya reli, vipo vibanda vyembamba vinavyouza nyaya, swichi na taa ndogo ndogo. Aliyezoea msongamano wa Kariakoo hatashangaa sana: duka limebanana na duka, bidhaa zimepangwa hadi mlangoni, na mabango yanagombania macho ya mpita njia.

Ukitokea upande wa mashariki wa kituo unakutana na duka kubwa la ghorofa kadhaa la Yodobashi, lililofunguliwa mwaka 2005. Linauza simu, kamera, vyombo vya jikoni, vinyago vya watoto na, bila shaka, gemu. Ni kando ya duka hili ndipo mambo yalipotokea.

Jumamosi ya Julai 11, 2009 ilitoka Dragon Quest IX, toleo la tisa la mfululizo wa hadithi za kubuni ulioanza mwaka 1986. Japani inaupenda mfululizo huu kiasi kwamba toleo la tatu, lililotoka siku ya kazi mwaka 1988, liliwafanya wanafunzi wengi watoroke shule kwenda kupanga foleni madukani. Matoleo makuu yaliyotangulia yalichezwa kwenye mashine zinazounganishwa na televisheni. Hili la tisa lilitengenezwa kwa ajili ya Nintendo DS, mashine ndogo yenye skrini mbili inayokunjwa kama pochi na kuingia mfukoni.

Baa isiyouza pombe

Ndani ya gemu mchezaji anafungua nyumba ya wageni. Wageni wake ni wachezaji wengine halisi. Anaiweka mashine katika hali ya kualika wageni, anaifunga, anaitia kwenye mkoba na kuendelea na safari zake. Akipishana na mtu mwenye gemu hiyohiyo katika hali hiyohiyo, mashine mbili zinasalimiana zenyewe kwa mawimbi ya redio. Hakuna intaneti wala bando. Jioni anafungua na kukuta mgeni amefika, ana jina lake, mavazi yake, salamu fupi na pengine zawadi ya ramani ya pango lenye hazina.

Mashine hupokea wageni watatu kwa mara moja, kisha mwenyewe huifungua, huwapokea na kualika tena. Kadiri wageni wanavyoongezeka, nyumba nayo inapanuka.

Akihabara ndiko wachezaji walikokwenda kutafuta wageni hao. Duka likawatengea eneo na kulipa jina la baa maarufu ndani ya mfululizo huo, baa ya Luida, mahali ambapo wasafiri hutafuta wenzao wa safari. Hapakuwa na pombe, meza wala viti. Palikuwa na watu wamesimama katika joto la kiangazi, mashine mkononi, wengine wakiwa wanafunzi na wengine wafanyakazi waliotoka kazini.

Kutokea hapo ikasambaa ramani moja iliyobeba jina la mchezaji aliyeigundua. Ghorofa ya 15 ya pango lake ilikuwa na aina moja tu ya viumbe, wale wa chuma ambao kumshinda mmoja wao kunampa mchezaji uzoefu mwingi kwa mkupuo. Aliyeipata aliibeba kwenye treni, akapishana na mwenzake, naye akampa wa tatu. Ramani ikaenea nchini kote kutoka mkoba hadi mkoba, kama habari njema inavyosafiri kwenye daladala.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kukumbuka kilichotangulia. Juni 8, 2008, mtu mmoja aliliingiza lori katikati ya watu mtaani hapo, kisha akashuka na kuwachoma wapita njia kwa kisu. Watu saba walikufa. Utaratibu wa kufunga barabara kuu siku za Jumapili ili watu watembee kwa miguu ulisitishwa, ukarudishwa Januari 2011. Kwa hiyo waliokusanyika mwaka 2009 kusubiri wageni wasiowajua walikuwa katika mtaa uliokuwa na sababu ya kuwaogopa wageni.

Waliosifu na walionung'unika

Si wote walioifurahia. Gemu ilipotangazwa mara ya kwanza, mwishoni mwa mwaka 2006, ilionyeshwa ikiwa na mapigano ya papo kwa papo. Mashabiki wa zamani walipinga, na watengenezaji wakarudi kwenye mapigano ya zamu, yanayompa mchezaji nafasi ya kufikiri kabla ya kuchagua. Ilipangwa kutoka Machi 2009, ikaahirishwa ili makosa yarekebishwe.

Ilipotoka, jarida la Famitsu liliipa alama 40 kati ya 40. Wakati huohuo, wanunuzi wengi mtandaoni waliipa alama za chini kabisa. Wapo waliosema wenzi wa safari, ambao mchezaji huwaunda mwenyewe, hawana hadithi zao wenyewe kama wale wa matoleo yaliyopita. Wengine walisema picha zimepungua ubora ikilinganishwa na toleo la nane.

Lalamiko lililogusa familia moja kwa moja lilikuwa hili: kadi ya gemu ina nafasi moja tu ya kuhifadhi safari. Nyumba yenye watoto watatu na kadi moja ilikuwa na msafiri mmoja na watazamaji wawili. Mdogo akianza upya na kuhifadhi, safari ya kaka yake ya wiki kadhaa inafutika. Mzazi yeyote anaweza kukisia kelele zake.

Walioipenda walisifu mambo madogo. Kila kofia na kila kiatu alichovaa msafiri kilionekana mwilini mwake. Mazimwi yalionekana njiani, hivyo mtu aliweza kuyakwepa. Marafiki wanne waliokaa pamoja waliweza kuingia katika dunia moja na kusaidiana. Pia gemu ililipiwa mara moja dukani. Vitu vya ndani vilinunuliwa kwa sarafu za humohumo, tofauti na gemu nyingi za simu za leo zinazomwomba mtoto pesa halisi kila anapokwama.

Hatimaye ziliuzwa zaidi ya nakala milioni 4 Japani pekee, na idadi ya kupishana kwa wachezaji, zaidi ya milioni 100, ikaingia katika rekodi za dunia za Guinness.

Mji wenye tauni

Mzazi asiyewahi kushika mashine hiyo anaweza kuuliza, mtoto anajifunza nini humo? Hadithi yenyewe inajibu kwa sehemu.

Msafiri ni malaika aliyepewa kijiji cha kulinda. Kazi yake ni kuwatendea watu wema bila kuonekana na kukusanya shukrani zao. Siku moja anaanguka kutoka mbinguni, anapoteza mbawa, na kuanza kuishi kama binadamu wa kawaida.

Mapema safarini anafika katika mji uliokumbwa na ugonjwa. Yupo msomi anayetafuta chanzo chake, mtu hodari anayejali zaidi utafiti na sifa kuliko wagonjwa wenyewe. Mkewe anaugua na kumficha, asimsumbue kazini. Msomi anaushinda ugonjwa, mji mzima unapona, anarudi nyumbani na habari njema. Mkewe amekwisha kufa.

Anajifungia ndani. Roho ya mke inamwomba msafiri, ambaye bado anaweza kuwaona wafu, amsaidie kumtoa. Kinachomfungua macho mume si maneno ya kumpoza. Anatembezwa nyumba hadi nyumba kuwaona waliopona, na kwa mara ya kwanza anawatazama watu aliowaokoa. Mkewe alikuwa akiwajua wote.

Ni kisa kifupi, na mtoto wa miaka 11 anaweza kukipita mbio akiwahi pambano linalofuata. Lakini akiulizwa na mtu mzima, anaweza kukieleza. Familia nyingi zimewahi kuuguza, na swali la nani alikuwa karibu na mgonjwa wakati wengine wakihangaika si geni mezani.

Mzazi afanye nini?

Hakuna haja ya kuipamba gemu. Saa nyingi kwenye skrini huchosha macho na shingo, na huiba usingizi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku akiwa amekaa mbele ya skrini, na mwenye umri chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa. Mwaka huohuo uraibu wa gemu uliidhinishwa kuingia kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa. Dalili zake ni mchezaji kushindwa kujizuia, gemu kuchukua nafasi ya mambo mengine yote, na kuendelea kucheza hata anapoona madhara.

Kwa mtoto mkubwa, madaktari wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Mashine au simu isilale chumbani kwake. Tena, gemu inapomkutanisha na wasiojulikana, mzazi asome anachoandika kwenye salamu na maelezo yake: jina la shule, namba ya simu na mtaa wa nyumbani visiwemo.

Huduma za intaneti za Nintendo DS zilifungwa Mei 2014, lakini mawimbi yale ya karibu hayakuhitaji intaneti. Mashine mbili za zamani zikipishana leo, zikiwa na gemu hiyo, bado zitabadilishana wageni. Tatizo ni kupata wa kupishana naye, na hapo ndipo Akihabara inapowakumbusha wazazi jambo rahisi. Mashine ilibeba salamu, lakini watu ndio waliovaa viatu na kutoka nyumbani kuipeleka.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya kumnyang'anya mtoto simu, mzazi akae kwanza pembeni yake kochini na kumuuliza: huyu unayemwongoza ni nani, anaelekea wapi, na anamsaidia nani? Akiwa na la kujibu, atainua macho.