Bei ya Mashaka

Kitu kilichotumika kina habari mbili. Moja ni ile isemwayo na mwuzaji. Nyingine ni ile iliyofichama katika kitu chenyewe. Ya kwanza husikiwa kwa masikio, na aghalabu huwa tamu. Ya pili husomwa kwa macho, kwa pua, kwa mikono na kwa subira, na mara nyingi huwa chungu. Mtu anunuaye kwa mara ya kwanza husikiliza sana na kusoma kidogo. Si kwamba hana akili. Mapenzi ya kitu humtangulia njiani, hata afikapo mbele ya mwuzaji moyo wake umekwisha nunua, na mkono tu ndio uliobaki kulipa.

Hali hii huonekana Bukoba na Muleba kila msimu wa kahawa umalizikapo. Nchi hii imelima kahawa kwa vizazi vingi, na fedha yake imepewa kazi nyingi: imeezeka nyumba kwa bati, imelipa karo za watoto, imenunua baiskeli. Chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, kiliundwa mwaka 1950, na bei ya kahawa ilipopanda duniani katika miaka ile, wakulima wengi walionja neema wasiyoijua wazee wao. Siku hizi tamaa ya mtu mwenye akiba ni gari. Mwalimu wa Nshamba hutaka gari dogo la kumfikisha kazini. Mchuuzi wa samaki wa Kemondo hutaka pikapu. Kijana aliyerudi kutoka miji ya mbali hutaka Hiace ya abiria iendayo baina ya Muleba na Bukoba. Wote watatu watanunua gari lililotumika, maana jipya halimo katika uwezo wao. Wala hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kununua gari kabla ya siku hiyo.

Mtu wa namna hii akitafuta wa kumfundisha biashara, hana haja ya kwenda mbali. Mwalimu yupo kijijini, ijapokuwa si mwalimu wa kupendwa: ni mnunuzi wa butura. Butura ni desturi ya kuuza kahawa ingali mtini, pengine ingali ua, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Mkulima aliyebanwa na karo, ugonjwa au msiba hupokea fedha leo. Kahawa ikiiva, mavuno ni ya yule aliyetoa fedha. Serikali imeikataza desturi hii, nayo imeendelea kwa siri, kwa kuwa shida haingoji msimu. Watu huilaumu, na lawama ni ya haki, maana mkulima hupata sehemu ndogo tu ya thamani ya jasho lake.

Walakini akili ya yule mnunuzi yastahili kutazamwa. Yeye hununua kitu asichokiona. Ua laweza kupukutika. Mvua ya mawe yaweza kuanguka. Mnyauko waweza kuukausha mti. Bei yaweza kushuka kabla ya mavuno. Mashaka haya hayakatai wala hayasahau. Huyahesabu moja moja, huyatoa katika bei, na kinachosalia ndicho alipacho. Tena hana haraka. Mwenye haraka ni mwuzaji. Kwa mambo haya mawili, yaani kuyatoza mashaka bei yake na kumwachia mwenziwe haraka, yeye ndiye apataye faida.

Sasa mkulima yule yule, au mwanawe, huenda kununua gari, na mambo hugeuka. Naye hununua kitu asichokiona ndani, lakini hulipa kana kwamba amekiona chote. Alikuwa na haraka alipouza. Ana haraka anunuapo. Ameuza kisichoonekana kwa bei ya chini, akanunua kisichoonekana kwa bei ya juu, na hasara imemwingilia kwa milango miwili. Katika mlango wa kwanza alisukumwa na shida, na mwenye shida hana lawama. Katika mlango wa pili husukumwa na tamaa, na tamaa yaweza kuambiwa ingoje.

Habari iliyofichama ya gari huanza mbali. Magari mengi yaliyotumika yaingiayo Tanzania hutoka Japani, nchi ambayo magari yake hupita upande wa kushoto wa barabara kama ya Tanzania. Huko sheria humtaka mwenye gari dogo alipeleke kukaguliwa baada ya miaka 3 tangu lilipokuwa jipya, na tangu hapo kila miaka 2. Ukaguzi huo una gharama, na gari likianza kuzeeka wengi huona nafuu kuliuza. Kwa hiyo gari laweza kuondoka Japani likiwa zima kabisa. Hushuka bandari ya Dar es Salaam, hulipiwa ushuru wa forodha, Kodi ya Ongezeko la Thamani na tozo nyingine ambazo huzidi umri wa gari uzidipo, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,300 hata lifike Bukoba. Pengine kabla ya safari hiyo limekwisha pita katika mikono miwili au mitatu ya Watanzania. Mwuzaji husema kwamba limetoka Japani kana kwamba limetoka jana. Mnunuzi mwerevu haulizi limetoka wapi. Huuliza limeishi wapi tangu lilipotoka, limebeba nini, na nani alikuwa akilitengeneza.

Adui wa kwanza wa kutafutwa ni maji. Huko Marekani watu wengi hununua nyumba za magurudumu zilizotumika, nyumba ndogo zenye vitanda na jiko, ambazo huvutwa na gari au huwa na injini zao zenyewe. Onyo la kwanza apewalo mnunuzi mgeni wa nyumba hizo ni kutazama paa na pembe za kuta, maana maji yakipenya huozesha mbao pole pole nyuma ya rangi nzuri. Onyo hilo lafaa sana Bukoba, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria na upatao mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Mnunuzi na ainue mazulia ya gari, anuse, apapase vyuma vya chini ya viti na sehemu za chini za milango, kisha alale chini atazame uvungu. Rangi mpya juu ya gari la zamani si uzuri; ni swali. Sumaku ndogo yaweza kulijibu: hunasa penye bati zima, na hudondoka penye puti nene iliyoziba kutu au alama ya ajali.

Baada ya maji huja injini. Mnunuzi na afike asubuhi, na aombe mapema gari lisiwashwe kabla hajafika, kwa kuwa injini iliyokwisha pata moto huficha uvivu wa kuwaka. Likiwaka, na atazame moshi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua ndani. Moshi mweusi ni wa mafuta yasiyoungua vema. Mvuke mweupe wa dakika chache katika baridi ya asubuhi hauna neno. Lakini moshi mweupe mzito usiokoma waonya kwamba maji ya rejeta yameingia mahali pasipo pake. Injini ikiisha poa, na afungue kifuniko cha oili. Akikuta ute wa rangi ya kahawa yenye maziwa, na akumbuke kwamba kinywaji hicho ni kizuri kikombeni tu: mara nyingi ni oili iliyochanganyika na maji, na matengenezo yake yaweza kula akiba yote.

Matairi nayo husema. Ubavuni mwa kila tairi pameandikwa tarakimu nne, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililolika upande mmoja huonyesha kwamba magurudumu hayakukaa sawa, pengine kwa sababu ya ajali. Saa ya kilomita haistahili kuaminiwa peke yake, maana yaweza kurudishwa nyuma. Na ilinganishwe na pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hata kuwa laini haikubaliani na saa isemayo gari limetembea kidogo.

Jaribio lililo kubwa kuliko yote ni mlima, na nchi hii haikunyimwa milima. Kuliendesha gari katika barabara tambarare kandokando ya ziwa ni kumsikiliza mwuzaji. Kulipandisha kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu ni kulisikiliza gari lenyewe. Katika kupanda, klachi iliyochoka huteleza, gia hukataa, na moto wa injini hupanda. Katika kushuka, breki hutoa ushahidi wake. Mwuzaji akataaye gari lake lisipandishwe mlima amekwisha jibu, na hapana haja ya kumwuliza zaidi.

Mnunuzi asiyejua ufundi na aende na fundi. Lakini fundi awe wake, si wa mwuzaji, na amlipe ujira ule ule gari likinunuliwa au lisiponunuliwa. Fundi apataye fedha biashara ikitimia tu amegeuka dalali, hata akiwa ameshika spana. Na dalali mwenyewe hana dhambi katika kusifu. Sifa ndiyo kazi yake. Kosa ni la yule amwombaye dalali kazi ya hakimu.

Chuma kikisha pita, karatasi hufuata. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa katika gari na zilingane na zilizo katika kadi. Jina katika kadi na liwe la yule auzaye. Likiwa la mwingine, mwingine huyo na aonekane. Kadi isiyopatikana siku ya kwanza pengine iko kwa mkopeshaji kama rehani. Madeni ya faini za barabarani hufuata namba ya gari, basi na yatazamwe kabla ya kulipa. Na kwa kuwa mpaka wa Mutukula si mbali, huja pia magari yenye namba za Uganda kwa bei ya kushangaza. Gari lisilolipiwa ushuru wa Tanzania halina bei nafuu. Lina deni ambalo halijadaiwa bado, na Mamlaka ya Mapato yaweza kulikamata likiwa mikononi mwa mnunuzi. Malipo na yapitie benki, mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, na umiliki uhamishwe mara moja. Ahadi ya kwamba litahamishwa baadaye imewapeleka wengi mahakamani.

Anunuaye gari la abiria ana mzigo zaidi ya huo. Zipo leseni na bima zilizo lazima kwa sheria, lakini juu yake iko dhamana isiyoandikwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyokuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia wakapoteza maisha. Tangu siku ile hapana mtu wa nchi hii awezaye kusema kwamba ubovu wa chombo au uzito wa shehena yake ni siri ya mwenye chombo peke yake. Breki iliyoachwa mpaka mwezi ujao ni deni linalolipwa na mtu asiyelikopa.

Mwisho liko swali la fedha yenyewe inatoka wapi. Wapo wauzao sehemu ya kibanja ili wanunue gari. Kibanja ni migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, na ndani yake wamelala wazazi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humkataza mume au mke asiiuze wala kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenziwe. Na hata pale ambapo sheria imenyamaza, hesabu husema. Kibanja kikitunzwa huzaa kila mwaka. Gari, hata likitunzwa, hupungua kila siku. Kubadili kizaacho kwa kichakaacho si biashara, isipokuwa kile kichakaacho kimekwisha pimwa kwamba kitaleta zaidi kabla ya kufa. Mwenye akiba ya shilingi 5 na asinunue gari la shilingi 5. Na anunue la 4, na ile 1 aiweke, kwa sababu gari lililotumika litaidai tu: leo betri, kesho shokamzoba, keshokutwa rejeta. Shilingi ile ndiyo bei ya mashaka, ambayo mnunuzi wa butura hakosi kuihesabu.

Mtu akifanya yote haya ataonekana mgumu, na pengine atachekwa na rafiki zake waliokuja kushangilia. Avumilie. Mwuzaji aliye mkweli hachukii kuulizwa, na gari zima haliogopi mlima. Siku ya kununua, nguvu haiko kwa mwenye fedha nyingi wala kwa mwenye maneno mengi. Iko kwa yule ambaye, bei isipokubaliana na ukweli, aweza kuaga kwa adabu, akafunga fedha zake, akarudi nyumbani kwa miguu.