Wiki Moja Bila Koti Jeupe

Rancho Mirage ni mji wa jangwani kusini mwa California, wenye viwanja vya gofu na joto la kuchoma unyayo. Majira ya kiangazi, wanafunzi wa udaktari hufika huko kwa wiki moja ya mafunzo ambamo hawamtibu mtu yeyote. Hawagawiwi wodi, hawaandiki dawa, stetoskopu haina kazi. Hukaa kwenye duara la viti pamoja na watu waliokuja kutibiwa uraibu wa pombe, vidonge au heroini, wakisikiliza, na chakula wanakula nao.

Kituo chenyewe ni Betty Ford Center. Betty Ford, mke wa rais wa zamani Gerald Ford, alikianzisha mwaka 1982 pamoja na rafiki yake Leonard Firestone, miaka minne baada ya familia yake kumweka kitako na kumwambia kwamba pombe na vidonge vimemzidi nguvu. Alitibiwa, kisha akalisema jambo hilo hadharani, wakati ambapo wake wa wakubwa hawakuwa na desturi hiyo. Mwaka 2014 kituo kiliungana na Hazelden, taasisi nyingine ya kutibu uraibu iliyoanza Minnesota mwaka 1949, na vikawa wakfu mmoja usiotafuta faida. Makao yake ya Minnesota yako Center City.

Mwanafunzi aliyelelewa Temeke, Dar es Salaam, au Kisauni, Mombasa, akikaa kwenye duara lile, uraibu wenyewe haumshangazi. Mateja amewaona tangu utotoni, pengine mmoja wao ni binamu yake. Kipya kwake ni kuona kwamba kuna watu walioajiriwa kuongoza wiki hiyo, na kwamba hiyo ndiyo kazi yao hasa.

Wao ndio wanaowagawa wanafunzi: hawa wakae na wagonjwa, wale wakae na familia. Wanalinda siri za kikundi, kwa sababu mtu hawezi kusimulia alivyouza pete ya ndoa huku akihofia kuandikwa kwenye ripoti ya darasani. Mwanafunzi akikimbilia istilahi za kitabu, wanamrudisha kwenye alichokisikia. Na kwenye wakfu huu si ajabu kumkuta mfanyakazi ambaye mwenyewe aliwahi kuketi kwenye kiti cha mgonjwa. Hilo halifichwi kwenye wasifu wake wa kazi, kwani ni sehemu ya sifa zilizomfikisha hapo. Wafadhili hulipia wanafunzi, kwa hiyo kijana mwenye deni la chuo haachwi nyuma kwa kukosa nauli.

Marekani ilikuwa na sababu ya kuhangaika hivyo. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2023, zaidi ya watu 100,000 walikufa huko kwa kuzidisha dozi. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa 2022 daktari alihitaji kibali cha pekee kumwandikia mraibu buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ingawa dawa za maumivu zilizowaponza wengi aliziandika bila kibali cha aina hiyo. Sheria ikabadilika. Tangu Juni 2023, daktari anayejisajili kuandika dawa zinazodhibitiwa lazima aonyeshe kwamba amepata saa nane za mafunzo ya uraibu. Saa nane! Basi la Dar es Salaam kwenda Arusha lingekuwa bado njiani.

Nyumbani, Afrika Mashariki, hadithi ilianzia kwenye dirisha la dawa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa nyingine ya kutibu uraibu huo, ya kwanza ya aina yake katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya ilianza kwenye hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha huduma ikashuka Pwani, na Zanzibar nayo ikafungua kliniki yake Kidongo Chekundu. Kwa kawaida mgonjwa huja kila siku, hutaja jina, humeza dawa mbele ya mhudumu, huondoka. Kabla ya kulifikia dirisha hilo, wengi wamefuatwa maskani na waelimishaji rika wa asasi za kiraia, ambao baadhi yao walitumia unga kwa miaka na arosto wanaijua kwa mifupa yao.

Unguja kuna jambo lingine. Tangu 2009 zimekuwapo soba hausi zinazoendeshwa na vijana waliopata nafuu, na wanafuata hatua kumi na mbili zilezile zilizotokana na chama cha walevi waliojirekebisha kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, na ambazo Hazelden ilijengea tiba yake. Kijana wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, na mfanyabiashara wa California wanakiri hatua moja ya kwanza, huyu kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, yule kwenye mkeka. Hatua zinazomtaja Mungu huzua mabishano marefu Marekani. Unguja mabishano hayo yangemshangaza mtu.

Kwa hiyo mwalimu yupo, na somo lipo. Mwanafunzi wa nyumbani hulikosa kwa namna anavyofundishwa, na lugha ndiyo kikwazo kikubwa. Wakati wa raundi kisa husomwa kwa Kiingereza kitandani pa mgonjwa: umri, jinsia, muda wa matumizi, matokeo ya vipimo. Mgonjwa huwatazama usoni mmoja mmoja, akijaribu kukisia kama anasifiwa au anahukumiwa. Mwanafunzi anafaulu mtihani akiwa na jina la kitaalamu la maradhi mdomoni, lakini hajawahi kumuuliza mtu kete ya mwisho ilikuwa lini na alikuwa na nani. Kwenye duara la jangwani lugha ya mgonjwa ndiyo lugha ya somo. Kwenye wodi zetu mgonjwa anajadiliwa juu ya kichwa chake, mchana kweupe, bila mtu kukusudia ubaya.

Tusiwape Wamarekani sifa zote. Wiki moja ni wiki moja, na anayelala kwenye kitanda cha kituo kile kwa kawaida ana bima au ana uwezo. Mwanafunzi hataona mtu huyo akirudi mtaani kwake. Temeke angeweza kumwona mgonjwa yuleyule kila asubuhi kwa miezi: Jumatatu kanyoa, Alhamisi kachelewa na macho mekundu, mwezi unaofuata kaja na mtoto mgongoni. Hakuna wakfu wa Marekani unaoweza kununua hilo, nasi tunalo bure kwenye foleni ya dirisha.

Kinachotakiwa kuligeuza kuwa somo hakitishi: chumba chenye viti, chai na maandazi, saa moja ya Kiswahili baada ya dozi kwa mgonjwa aliyeridhia, na mtu mmoja wa kuongoza. Mtu huyo, kwa haki, angekuwa mwelimishaji rika akisaidiana na daktari wa akili. Lakini chuo kinataka mkufunzi mwenye shahada, na mwelimishaji rika mara nyingi yuko kwenye bajeti ya mradi kama mtu wa kujitolea, malipo yake nauli ya daladala, na mradi ukiisha naye anaisha nao.

Na bado hatujafika kwa familia. Rancho Mirage kuna siku zilizotengwa kwa wake, waume na wazazi, na hata watoto wana programu yao. Nyumbani ndugu ndiye anayemleta mgonjwa, anayemlipia nauli, anayeficha simu na sufuria zisiuzwe. Mama amekaa kwenye benchi nje ya kliniki tangu saa moja, mkoba mapajani, akimsubiri mwanawe atoke dirishani. Wanafunzi wanampita na makoti yao meupe kwenda darasani, wanamwamkia shikamoo, naye anaitikia marahaba.