Mapango ya Mlima Suswa

Mtu akiondoka katikati ya mji wa Nairobi, akapita Westlands na Kangemi, kisha akateremka Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu na kushika njia ya Narok, atauona Mlima Suswa, ambao Wamaasai huuita Ol Doinyo Nyukie, yaani mlima mwekundu.

Ubavuni mwake mna mapango marefu. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yalichimbwa na maji katika mawe ya chokaa. Haya ya Suswa yalifanywa na moto. Zamani mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kama uji. Uji ule uliganda juu, nao wa chini ukaendelea kwenda mpaka ukaisha, ukaacha mfereji mtupu. Penye dari iliyoanguka ndipo mtu aingiapo.

Moto haujaisha: mpaka leo mvuke hutoka ardhini, na wenyeji huukinga upate kupoa, wakapata maji ya kunywa.

Ndani mna giza tupu na njia nyingi. Katika pango moja hulala nyani, na miamba imelainika kwa kukaliwa vizazi na vizazi. Kwingine wamejaa popo. Vumbi la samadi yao huweza kuleta ugonjwa wa mapafu, haifai kulitimua.

Basi, Bwana msomaji, ukitaka kwenda, mchukue Mmaasai mwenyeji akuongoze. Kila mtu awe na taa zaidi ya moja, na nje abaki mtu ajuaye saa ya kurudi kwenu. Pangoni hamna jua wala nyota ya kumwonyesha njia aliyepotea.